Kompyuta ya mtumba ikigoma kuwaka, mtoto asiwe mtuhumiwa wa kwanza

Baba mmoja mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alirudi kutoka kazini Jumatatu jioni akakuta kioo cha kompyuta ya nyumbani kimegeuka bluu. Juu yake palikuwa na alama ya uso ulionuna, maelezo ya Kiingereza na maneno matatu ya herufi kubwa. Baada ya muda kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikarudi kwenye bluu ileile.

Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa amekaa mbele ya kioo, mikono ameiweka mapajani.

“Shikamoo Baba.”

“Umebonyeza nini?”

“Sijabonyeza kitu.”

“Kompyuta haiharibiki yenyewe. Jana nimekuona umechomeka flashi ya watu.”

Habari ya flashi ilikuwa kweli. Rafiki yake alimwazima ili anakili mitihani ya Kemia ya miaka iliyopita. Kwa baba, huo ulikuwa ushahidi tosha: flashi imeleta kirusi, na kirusi kimeua kompyuta iliyonunuliwa Kariakoo miezi saba tu iliyopita kwa Sh380,000. Usiku ule kibodi na kipanya viliingia kabatini, chumbani kwa wazazi. Binti akaambiwa hataigusa kompyuta tena mpaka amalize kidato cha nne.

Hukumu ilitoka kabla ya kesi kusikilizwa.

Fundi wa kwanza

Jumatano aliitwa fundi. Aliwasha, akaiona bluu, akazima. Hakuuliza swali.

“Mzee, hapa draiva zimeharibika. Hii ni kupiga Windows upya tu, elfu arobaini.”

Mama, ambaye huoka keki na vitafunwa kwa oda, alisogea karibu. “Ukipiga Windows upya, vitu vyetu vitabaki?”

“Vitafutika, mama, lakini itakuwa kama mpya.”

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya oda na madeni ya wateja ya miezi saba, na muhtasari wa masomo ambao binti alikuwa akiuandika kila jioni. Baba alikuwa ameshaanza kuhesabu fedha. Mama akamzuia.

“Hebu kwanza atuambie inaumwa nini. Mtu hafanyiwi upasuaji kabla ya kupimwa.”

Fundi akaondoka amekasirika. Mama akachukua simu yake, akapiga picha kile kioo cha bluu. Hakuelewa kilichoandikwa, lakini picha hiyo ndiyo iliyokuja kuokoa kila kitu.

Draiva ni nini hasa

Kompyuta ina vifaa vingi: diski, kioo, spika, kadi ya Wi-Fi, kipanya, printa. Windows haizungumzi na vifaa hivyo moja kwa moja. Kila kifaa kinahitaji programu ndogo ya kukaa katikati kama mkalimani, na programu hiyo ndiyo mafundi huiita draiva. Mkalimani asipokuwepo, au akiwa ni wa lugha nyingine, kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa lakini kisisikike. Ndiyo maana ujumbe wa draiva unapotokea haimaanishi kwamba kompyuta imekufa, wala kwamba kuna aliyeiua.

Kwa kompyuta za mtumba, shida hii ni ya kawaida kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mashine nyingi zilitengenezwa enzi za Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, kisha muuzaji akaziwekea Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Vifaa vingine vya ndani havikuwahi kutengenezewa draiva kwa ajili ya toleo hilo jipya. Muuzaji mwenye mashine nyingi za kuandaa naye huenda haraka: akiona kioo kinaonyesha na kipanya kinatembea, anafunga kazi, bila kukagua spika wala Wi-Fi. Tena kuna mabaki ya mwenye mali wa kwanza. Kompyuta iliyotoka ofisini huweza kuwa bado na programu zinazotafuta kila asubuhi printa au kisoma alama za vidole vilivyobaki huko ilikotoka, na zisipovikuta zinalalamika.

Mahali ujumbe unapotokea panaeleza mengi. Ukitokea kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe, kabla ya nembo ya Windows, mara nyingi chanzo ni mashine yenyewe: betri ya ndani, diski au waya. Ukitokea kwenye kioo cha bluu, Windows imeanza kuamka ikakwama njiani. Ukitokea ndani ya kisanduku kidogo baada ya Windows kufunguka, mara nyingi ni kifaa kimoja au programu moja, na kompyuta inaweza kuendelea kutumika huku tatizo likitafutwa.

Fundi wa pili

Jumamosi alikuja kijana wa mtaa wa jirani anayetengeneza simu na kompyuta. Alisalimia wazazi wote wawili, akakaa, na kabla ya kushika chochote akauliza maswali matatu. Kioo kimeandika nini? Kabla ya siku hiyo kulikuwa na dalili gani? Na nani huitumia zaidi?

Swali la kwanza lilijibiwa na picha kwenye simu ya mama. Maneno yale matatu yalikuwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE, maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski inayotakiwa kuamkia. Swali la pili lilimshinda baba. La tatu likamfikia binti.

“Mdogo wangu, wewe ndiye unayeijua hii mashine. Iliwahi kukuonyesha chochote kabla ya bluu?”

Binti alimtazama baba yake kwanza, ndipo akasema. Kwa karibu mwezi mzima saa ya kompyuta ilikuwa inarudi nyuma. Akiwasha inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita, tovuti zinakataa kufunguka, hadi airekebishe kwa mkono. Alikuwa akiirekebisha kimyakimya. Jumatatu ile kilitangulia kioo cheusi kilichosema mipangilio imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Akabonyeza F1. Bluu ikaja.

“Kwa hiyo nilibonyeza,” alisema huku machozi yakimlengalenga. “Niliogopa kusema.”

“Hukukosea,” fundi akamwambia. “Kompyuta imekuomba ubonyeze, ukabonyeza. Na sasa umenipa jibu nililokuwa nalitafuta.”

Akafungua kasha. Kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, kuna betri bapa ya duara kama sarafu, aina ya CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya ubao huo wakati kompyuta haina umeme. Katika mashine iliyotumika miaka mingi, betri hiyo huwa imechoka. Dalili yake ya kwanza ndiyo hiyohiyo aliyoiona binti: saa kurudi nyuma. Tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kompyuta inayodhani imerudi miaka ya nyuma huviona kuwa si halali.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba mwenyewe ndiye aliyeweka sheria kwamba kila usiku waya wa kompyuta uchomolewe ukutani, kwa kuhofia umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na pia kuokoa uniti za LUKU. Sheria si mbaya. Ila waya ukiwa ukutani, umeme kidogo huendelea kuingia na kuisaidia ile betri. Ukichomolewa, mzigo wote unabaki kwa betri. Usiku ule betri iliyochoka ikaishiwa kabisa, na ubao ukarudi kwenye mipangilio yake ya kiwandani.

Mmoja wa mipangilio hiyo ni namna ya kuendesha diski. Muuzaji alipoweka Windows, mashine ilikuwa kwenye njia ya zamani, IDE. Ubao uliposahau, ukahamia njia nyingine, AHCI. Asubuhi Windows iliamka na draiva ya njia ya kwanza, ikakuta mlango umehamishwa. Diski ilikuwa nzima, draiva nzima, na faili zote zilikuwamo.

Fundi aliweka betri mpya ya Sh2,000, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa BIOS, akarekebisha saa na kurudisha diski kwenye njia yake. Kompyuta ikawaka. Oda za mama zilikuwapo, madeni yalikuwapo, na muhtasari wa Kemia ulikuwapo. Flashi ya rafiki nayo ilipimwa, haikukutwa na kirusi.

Hatua za kufuata nyumbani

Si kila bluu inatokana na betri. Kioo kama hicho kinaweza kuletwa na diski inayokaribia kufa, waya uliolegea au sasisho lililoingia vibaya. Lakini kuna mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya kabla ya kutoa fedha, na hayahitaji utaalamu.

La kwanza ni picha. Ujumbe wowote unaotokea wakati wa kuwaka upigwe picha kwa simu kabla haujapotea. Neno moja au namba moja iliyopo hapo ina thamani kuliko maelezo ya “imegoma tu”.

La pili ni saa na tarehe. Zikiwa zinarudi nyuma kila kompyuta inapozimwa na kuchomolewa, betri ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

La tatu ni kuondoa vya ziada. Kompyuta izimwe, printa, flashi na kila kitu kisicholazimika kichomolewe, vibaki kioo, kibodi na kipanya, kisha iwashwe. Ikiwaka, virudishwe kimoja kimoja hadi mkorofi ajulikane.

La nne ni kuiwasha kwa “Safe Mode”, hali ambayo Windows huamka na draiva chache za lazima tu. Kwenye Windows 7 hubonyezwa F8 kabla ya nembo. Kwenye Windows 10 inayofunguka, hushikiliwa kitufe cha Shift huku ukibofywa mstari wa “Restart”, kisha hufuatwa “Troubleshoot”, “Advanced options” na “Startup Settings”, na baada ya kompyuta kuwaka tena hubonyezwa namba 4. Isipofunguka kabisa, baada ya kushindwa mara kadhaa huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo wenye njia hiyohiyo. Kompyuta ikitulia kwenye hali hiyo, dalili ni njema: mara nyingi mkorofi ni draiva au programu iliyoongezwa, si mashine.

La tano ni “Device Manager”, orodha ya vifaa vyote inayopatikana kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya nembo ya Windows. Kifaa chenye pembetatu ya njano ndicho kinacholalamika. Kikibofywa mara mbili hutoa namba. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 39 maana yake Windows imeshindwa kuipakia draiva, pengine imeharibika au haipo. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 maana yake kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na Windows imekisimamisha. Kama shida ilianza baada ya draiva kusasishwa, sehemu ya “Driver” ina kitufe cha “Roll Back Driver” cha kurudisha ile ya zamani.

Visanduku vya malalamiko vya programu za mwenye mali wa kwanza hutulizwa kwa njia nyingine. Kwenye Windows 10 hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha hufunguliwa sehemu ya “Startup”, na programu isiyotumiwa na familia huzuiwa isiamke na kompyuta. Kuzuia si kufuta. Ikigundulika inahitajika, huruhusiwa tena.

Draiva zichukuliwe wapi

Hapa ndipo familia nyingi hutumbukia shimoni. Mtu akitafuta draiva mtandaoni hukutana na programu zinazojitangaza kuwa zitatengeneza kila kitu kwa mbofyo mmoja. Nyingi hudai malipo baada ya kumtisha mtu kwa orodha ndefu ya makosa, na nyingine huleta kirusi ambacho hakikuwepo. Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kuiacha Windows itafute yenyewe kupitia “Windows Update”. Ya pili ni tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, kwa kutumia jina la modeli lililoandikwa kwenye kibandiko cha kasha.

Kama draiva inayokosekana ni ya Wi-Fi yenyewe, simu ya Android inaweza kuunganishwa kwa waya wa USB na kuigawia kompyuta intaneti. Bando liangaliwe kwanza, kwani masasisho ya Windows hula data nyingi.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni haraka ya kupanda toleo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na mafundi wengine sasa wanazipa mashine za zamani Windows 11 kwa nguvu. Toleo hilo lina masharti ya vifaa ambayo kompyuta nyingi za umri huo hazitimizi, ikiwamo kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kulilazimisha kunaweza kurudisha familia kwenye shida zilezile za draiva.

Anapofika kwa fundi, mzazi aonyeshe picha, aeleze dalili na tarehe zilipoanza, kisha aweke sharti moja: hakuna kufuta chochote kabla faili hazijanakiliwa. Diski nzima inaweza kutolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine hata kama Windows yake haiwaki. Fundi anayesema haiwezekani bila kujaribu ameshajieleza.

Betri ya zamani na mtoto mdogo

Betri ile ya sarafu ikishatolewa isiachwe mezani. Kipenyo chake ni milimita 20, ukubwa unaotosha kunasa kwenye koo la mtoto mdogo. Hata ikiwa haiwezi tena kutunza saa, umeme unaobaki unaweza kuunguza njia ya chakula vibaya ndani ya saa mbili. Mtoto anayedhaniwa ameimeza apelekwe hospitali palepale, asilazimishwe kutapika. Betri iliyotoka izungushiwe gundi ya karatasi pande zote mbili na iwekwe mbali, na mpya ikae kwenye pakiti yake mpaka ya kufungwa.

Swali lililofunga mdomo

Katika nyumba ile ya Mbagala, jibu la tatizo lilikuwapo tangu Jumatatu. Lilikuwa kwa binti. Alijua habari ya saa, alijua habari ya kioo cheusi, alijua alibonyeza F1. Swali la “umebonyeza nini?” ndilo lililomfunga mdomo, kwa sababu lilikuwa limeshabeba adhabu ndani yake. Mtoto anayejua kuwa atakayetoa taarifa ndiye atakayelaumiwa hujifunza kunyamaza, naye hunyamaza pia siku ambayo jambo lenyewe si kompyuta.

Swali lililofungua mdomo halikuwa gumu: “Iliwahi kukuonyesha chochote kabla?” Humfanya mtoto shahidi badala ya mshtakiwa. Kama kweli amekosea, kosa hilo litajulikana, na mazungumzo yake yatakuwa na mahali pa kuanzia.

Jioni ile baba alitoa kibodi na kipanya kabatini, akavirudisha mwenyewe.

“Mwanangu, nilikuuliza vibaya,” alisema. “Nisamehe.”

Kando ya kompyuta sasa kuna daftari la kurasa 48 lenye safu tatu: tarehe, kilichotokea, kilichoandikwa kwenye kioo. Yeyote anaandika, na sheria ni kwamba hakuna anayegombezwa kwa alichokiandika. Wiki iliyofuata spika zilinyamaza. Binti aliandika Code 28, na baba alipoingia mlangoni alimwambia kabla hajavua viatu.

“Marahaba,” baba alimjibu shikamoo yake kwanza. Kisha akavuta kiti, akakaa naye kusoma.